Eaton Hall: Nyumba Iliyobomolewa na Saa Iliyobaki

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumezoea kuitumia methali hii kumwonya mtu asihukumu kitu kwa sura yake ya nje. Katika insha hii nataka kuitumia kwa maana yake ya wazi kabisa, yaani kuhusu nyumba, mlango wake, na watu waliokuwa wakiingia ndani yake. Nyumba yenyewe haipo tena. Iliitwa Eaton Hall, na ilikuwa katika jimbo la Cheshire, kaskazini magharibi mwa Uingereza, kilomita chache kusini mwa mji wa Chester, karibu na mto Dee. Ilijengwa kati ya mwaka 1870 na 1882, katika enzi ya Malkia Victoria, ikabomolewa kati ya mwaka 1961 na 1963. Kwa hiyo iliishi takriban miaka 80, ambao ni umri wa mtu mmoja aliyejaliwa maisha marefu.

Swali ninalotaka kulijibu ni hili: kwa nini nyumba ya mawe, iliyojengwa kwa gharama kubwa na mmoja wa watu matajiri kuliko wote nchini Uingereza, ilibomolewa na ukoo uleule ulioijenga? Jibu linalotolewa mara nyingi kuhusu nyumba za namna hii ni moja, nalo ni kodi. Inasemekana kwamba serikali iliwatoza makabaila kodi kubwa hata wakashindwa kutunza nyumba zao. Jibu hili lina ukweli, lakini kwa Eaton Hall halitoshi, kwa sababu ukoo wa Grosvenor haukufilisika. Hadi leo ni miongoni mwa koo tajiri zaidi za Uingereza. Hoja yangu ni kwamba nyumba ile ilipoteza kazi zake moja baada ya nyingine, mpaka ikafika siku ambayo hapakuwa na mtu yeyote aliyekuwa na wajibu nayo. Kodi iliharakisha tu jambo lililokwisha kuanza.

Tuanze na chanzo cha mali. Mwaka 1677 Sir Thomas Grosvenor, mwenyeji wa Eaton, alimwoa Mary Davies, msichana mdogo aliyekuwa mrithi wa mashamba pembezoni mwa London. Wakati huo ardhi hiyo ilikuwa malisho na sehemu za majimaji, na thamani yake haikuwa ya kushangaza. Baadaye London ilipanuka kuelekea magharibi. Malisho yale yakageuka kuwa mitaa ya Mayfair na Belgravia, ambayo ni mitaa ya kifahari hadi leo. Ukoo haukuiuza ardhi hiyo. Waliipangisha kwa mikataba ya miaka mingi, na mkataba ulipokwisha, ardhi pamoja na majengo yaliyojengwa juu yake vilirudi mikononi mwao. Ndiyo maana nyumba ya Cheshire lazima tuielewe kwa kuitazama London. Kodi za pango zilizolipwa jijini ndizo zilizosimamisha mawe mashambani.

Aliyeijenga Eaton Hall ninayoizungumzia ni Hugh Lupus Grosvenor. Mwaka 1874, ujenzi ukiendelea, Malkia Victoria alimpandisha cheo akawa Duke wa kwanza wa Westminster. Duke ni cheo cha juu kabisa cha ukabaila wa Kiingereza, chini ya ukoo wa kifalme. Hakuanzia kwenye kiwanja kitupu. Palikuwa na nyumba iliyoanza kujengwa mwaka 1675, kisha ikafuata nyingine iliyosanifiwa na William Porden mwanzoni mwa karne ya 19, nayo ikafanyiwa mabadiliko makubwa katikati ya karne hiyo. Kila kizazi kiliona nyumba ya baba haimfai mtoto. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu tutalirudia tutakapofika mwaka 1961.

Msanifu aliyechaguliwa mwaka 1870 alikuwa Alfred Waterhouse, mmoja wa wasanifu majengo mashuhuri wa zama zake. Waterhouse ndiye pia aliyesanifu Ukumbi wa Mji wa Manchester, uliofunguliwa mwaka 1877, na Makumbusho ya Viumbe Asilia ya London, yaliyofunguliwa mwaka 1881. Kwa Duke alitengeneza nyumba ya mtindo wa Kigothi, yenye mapaa yaliyochongoka, minara, na madirisha marefu kama ya kanisa kuu. Gharama zilizidi paundi 600,000, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule.

Sasa tufungue mlango tuingie ndani, kama methali inavyotuagiza. Jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba Eaton Hall ilikuwa kama nyumba mbili. Palikuwa na jengo kuu, lenye kumbi, maktaba na vyumba vya wageni, na pembeni palikuwa na sehemu ya faragha ambamo familia iliishi siku za kawaida. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa zaidi ya nyumba ile haikujengwa kwa ajili ya watu wa nyumbani. Ilijengwa kwa ajili ya wageni. Katika Uingereza ya karne ya 19, nyumba ya kabaila mkubwa ilikuwa mahali pa siasa. Wanasiasa walialikwa kulala, kula, kuwinda na kuzungumza, na mambo mengi ya nchi yalijadiliwa mezani kabla hayajafika bungeni. Kwa hiyo ukubwa wa nyumba ulikuwa na kazi maalumu. Ulimwambia mgeni kwamba mwenyeji wake ni mtu wa kutegemewa katika kutawala nchi.

Jambo la pili ni kwamba nyumba ile ilikuwa na njaa isiyoshibishika. Vyumba vya aina hiyo vilipashwa joto kwa makaa ya mawe, na kila sehemu ya moto ilihitaji mtu wa kuwasha, kuchochea na kuzoa majivu. Chakula, nguo, taa, farasi na bustani vilihitaji mikono mingi kila siku. Mfano mzuri wa njaa hiyo ni reli. Mwaka 1896 Duke alifunguliwa reli ndogo iliyotengenezwa na Sir Arthur Heywood, yenye upana wa sentimita 38 tu kati ya chuma na chuma, ikitoka kituo cha Balderton hadi nyumbani kwake. Kazi yake kubwa ilikuwa kuleta makaa na vifaa vingine. Kwetu sisi mwaka huohuo wa 1896 ni mwaka ambao Waingereza walianza kutandika reli ya Uganda kutoka Mombasa. Ile ya kwetu ilikusudiwa kuvuka nchi nzima, na ile ya Cheshire ilikusudiwa kulisha nyumba moja.

Mtu anaweza kusema kwamba Duke alijijengea mwenyewe tu na kuwasahau wengine. Haki inatutaka tuseme vinginevyo. Katika ardhi yake alimtumia msanifu John Douglas kujenga nyumba nyingi za wafanyakazi na wapangaji, nyumba za wakulima, na shule katika vijiji kama Eccleston na Aldford. Nyingi kati ya nyumba hizo ndogo bado zimesimama, na watu wanaishi ndani yake. Kasri limekwenda, vibanda vimebaki. Sababu si ubora wa mawe wala ustadi wa mafundi. Nyumba ndogo haikupoteza kazi yake, kwa kuwa tangu siku ya kwanza mpaka leo kazi yake ni kulaza familia moja, na familia moja inaweza kuifagia na kuipasha joto.

Duke wa kwanza alifariki mwishoni mwa mwaka 1899, takriban mwaka mmoja kabla ya Malkia Victoria mwenyewe. Mjukuu wake akawa Duke wa pili, na akakaa na cheo hicho hadi mwaka 1953. Ni katika muda huo mrefu ambapo kazi za nyumba zilianza kuondoka. Ya kwanza kuondoka ilikuwa siasa. Kura zilipozidi kupewa watu wa kawaida, na Baraza la Makabaila lilipopunguziwa nguvu kwa sheria ya mwaka 1911, mazungumzo ya kutawala nchi yalihama kutoka meza za mashambani. Ya pili ilikuwa utumishi wa nyumbani. Vita Kuu ya kwanza iliwachukua vijana wa kiume kwenda vitani na wasichana kwenda viwandani, na baada ya vita wengi hawakutaka kurudi kuwasha moto asubuhi katika vyumba vya mabwana. Nyumba iliyojengwa kwa kutegemea mikono mingi na ya bei nafuu ilianza kukosa mikono.

Vita vilileta kazi nyingine badala yake. Katika vita vyote viwili sehemu za Eaton Hall zilitumika kama hospitali ya kuwauguza askari. Mwaka 1942 chuo cha jeshi la majini cha Dartmouth kilipigwa mabomu na ndege za Wajerumani, na makadeti wake wakahamishiwa Eaton Hall mpaka baada ya vita. Walipoondoka wao, jeshi la nchi kavu liliingia. Kuanzia mwaka 1946 hadi 1958 nyumba ile ilikuwa shule ya kufundisha maofisa. Vijana wa Kiingereza walikuwa wakichukuliwa katika utumishi wa lazima wa jeshi, na wale wa kikosi cha miguu waliochaguliwa kuwa maofisa walipitia huko. Mafunzo yalichukua takriban miezi minne. Kijana wa miaka 19 aliingia akiwa kuruta, akatoka akiwa luteni.

Hapa ndipo nyumba ya Cheshire inapogusa nyumbani kwetu. Nilipoiwasilisha mada hii darasani mara ya kwanza, mwenzangu mmoja aliniuliza: "Makabaila wamebomoa nyumba yao wenyewe, sisi inatuhusu nini?" Swali lake lilikuwa la haki, nami sikuwa na jibu siku ile. Jibu nililipata nilipofuatilia maluteni wale walikokwenda. Baadhi yao walipelekwa Afrika Mashariki kuongoza askari wa King's African Rifles, yaani KAR. Kikosi cha nne cha KAR kilikuwa cha Uganda, na makao yake yalikuwa Jinja. Askari wake walipelekwa Kenya wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wakapigana na Mau Mau chini ya maofisa Waingereza, na wengi wa maofisa hao wadogo walikuwa vijana wa utumishi wa lazima.

Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR Jinja. Hakusoma sana, wala hakuwahi kulisikia jina la Eaton Hall. Lakini alipenda kutuigizia afande mmoja kijana, mwenye uso mwekundu na kijitabu cha Kiswahili mfukoni, aliyesimama mbele ya askari waliomzidi umri na kusema, "Kesho asubuhi sisi iko kwenda." Askari waliitikia kwa sauti moja, "Ndiyo, afande!" kisha wakarudi kambini na kucheka mpaka machozi yakawatoka. Babu alisema kitu kingine pia, na hicho hakukisema kwa kicheko. Alisema yule kijana alikuwa na umri wa mdogo wake wa mwisho, na kwamba amri za yule kijana ndizo zilizoamua nani arudi nyumbani na nani asirudi.

Lugha ya KAR ilikuwa Kiswahili. Maofisa walitakiwa kujifunza, na askari kutoka makabila mbalimbali waliitumia wao kwa wao. Huu ni mchango mkubwa katika kukieneza Kiswahili Uganda, lakini ndio huohuo ulioacha doa. Wananchi wengi walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na baada ya uhuru, hasa katika miaka ya utawala wa Idi Amin, ambaye naye alitoka katika KAR, doa lile likazidi. Nilipomwambia mama kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuo kikuu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, lugha ya askari?" Kwa hiyo mwenzangu wa darasani, jibu langu ni hili. Mlango wa Eaton Hall ulitokea mpaka kwetu. Kwa miaka 12 nyumba ile ilitoa watu waliokuja kuamuru watu wetu, na lugha tunayoisoma leo bado imebeba alama za amri zile.

Turudi Cheshire. Duke wa pili alifariki mwaka 1953. Kodi ya urithi, ambayo ilianzishwa kwa sura yake ya kisasa mwaka 1894 ikiwa na kiwango cha juu cha asilimia 8 tu, ilikuwa imepanda mpaka kufikia asilimia 80 kwa mali kubwa kabisa. Ukoo wa Grosvenor ulilazimika kuuza ardhi, ikiwamo ya Pimlico jijini London. Hata hivyo walibaki na Mayfair na Belgravia. Kama wangetaka kuitunza Eaton Hall, fedha zingepatikana. Duke wa tatu hakuishi pale, na mali ya ukoo ilikuwa chini ya usimamizi wa wadhamini. Mwaka 1958 shule ya maofisa ilifungwa, na nyumba ikabaki tupu. Ilikuwa imechakaa kwa kutumiwa na jeshi kwa miaka mingi, na kuvu ilikuwa inakula mbao zake. Siasa ilikwisha hama, watumishi hawakuwapo, hospitali na jeshi vimeondoka, na mwenye nyumba hakai ndani. Wadhamini walipouliza nyumba hii ni ya kazi gani, hakuna aliyekuwa na jibu.

Lipo pia suala la ladha. Mwaka 1961 watu wengi wenye elimu nchini Uingereza waliona majengo ya enzi ya Victoria kuwa ni mazito, yenye madoido kupita kiasi, tena ya kuaibisha. Chama cha kutetea majengo hayo kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1958 tu, na kilikuwa bado kichanga. Sheria nayo ilikuwa dhaifu. Hata kwa jengo lililoorodheshwa kuwa la kihistoria, mwenye mali alitakiwa kutoa taarifa tu kabla ya kubomoa. Sheria ya kumlazimisha apate kibali maalumu kwanza ilikuja mwaka 1968. Eaton Hall haikuwa peke yake pia. Mwaka 1955, ambao ulikuwa kilele cha ubomoaji, nyumba kubwa za mashambani zilikuwa zikianguka kwa wastani wa nyumba moja kila siku tano.

Basi wabomoaji wakaja. Kuanzia mwaka 1961 hadi 1963 waliliondoa jengo kuu na sehemu ya faragha pia. Waliyaacha mazizi ya farasi, kanisa dogo la familia na mnara wa saa. Mnara huo una urefu unaozidi mita 50, na ndani yake zimo kengele 28 zilizotengenezwa Ubelgiji. Kanisa lina madirisha ya vioo vya rangi na michoro ya vigae iliyobuniwa na Frederic Shields. Ukitazama kilichoachwa, utaona kwamba hoja yangu inapata nguvu. Farasi walikuwa bado wanahitaji zizi, waumini walikuwa bado wanahitaji mahali pa kusali, na saa ilikuwa bado inahitajika. Kilichokuwa na kazi kilibaki.

Ulinganisho mwingine unaunga mkono jambo hilohilo. Nilitaja majengo mawili ya Waterhouse ya miaka ileile, Ukumbi wa Mji wa Manchester na makumbusho ya London. Yote mawili yamesimama. Msanifu ni yuleyule, zama ni zilezile, na ladha ya mwaka 1961 iliyadharau majengo hayo kama ilivyoidharau Eaton Hall. Tofauti ni kwamba mji wa Manchester haukuacha kuwa na halmashauri, wala watoto wa London hawakuacha kwenda kuangalia mifupa ya wanyama wa kale. Yalikuwa na wenyewe wengi, na kila mmoja wao alikuwa na sababu ya kuuliza iwapo jengo lingeguswa.

Majuto yalikuja upesi. Mwaka 1974, miaka 11 tu baada ya kazi ya kubomoa kukamilika, Makumbusho ya Victoria na Albert jijini London yaliandaa maonyesho kuhusu kuangamizwa kwa nyumba kubwa za mashambani. Yalionyesha kwamba nyumba zaidi ya 1,000 zilikuwa zimepotea katika muda wa karne moja, na watu wengi walishtuka. Pale Eaton kwenyewe, ukoo ulijenga nyumba mpya kati ya mwaka 1971 na 1973. Ilikuwa nyeupe, yenye paa bapa na mtindo wa kisasa kabisa, na wengi waliilalamikia. Haikutimiza hata miaka 20 kabla ya kuvalishwa kuta na paa jipya, kati ya mwaka 1989 na 1991, ili ifanane zaidi na nyumba za zamani. Waliobomoa ya Victoria kwa sababu ilipitwa na wakati waliona ile ya kisasa nayo ikipitwa na wakati mapema zaidi. Ladha ni hakimu mwenye haraka, na hukumu ya kubomoa haina rufaa.

Je, mtu anayesoma insha hii Kampala, Kigali au Bujumbura aihuzunikie Eaton Hall? Sisemi hivyo. Ilikuwa nyumba ya watu wachache, na iliishi kwa jasho la wengi. Lakini kama mwanafunzi wa historia naona kwamba nyumba ikiondoka inaondoka na ushahidi, ukiwamo ushahidi dhidi ya wenyewe. Leo anayetaka kuona kwa macho jinsi kabaila alivyowapokea wageni wake upande mmoja, na jinsi watumishi walivyopita upande mwingine, hawezi kuona pale. Anayetaka kuona chumba alimofundishwa kijana aliyekuja kumwamuru babu yangu hawezi kukiona pia. Aibu na fahari vilibomolewa pamoja.

Mwaka 1882, Waterhouse alipokuwa akikamilisha kazi yake Cheshire, Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda alijenga ikulu yake Kasubi, kwenye kilima ambacho sasa kimo ndani ya jiji la Kampala. Ilikuwa nyumba kubwa ya duara, ya miti, matete na nyasi. Mutesa alizikwa humo mwaka 1884, na makabaka watatu waliomfuata nao wamezikwa humo. Mtu yeyote aliyeambiwa mwaka 1882 achague ipi kati ya nyumba hizi mbili itadumu angechagua ya mawe. Lakini nyasi za Kasubi ziliezekwa upya kizazi hadi kizazi, kwa sababu kuezeka ni wajibu wa ukoo wa Ngeye, na koo nyingine nazo zina kazi zao pale. Mwaka 1938 nyumba ilitiwa nguzo imara ndani yake, kwa hiyo hatuwezi kusema haikubadilika. Tarehe 16 Machi 2010 iliteketea kwa moto. Kama nyumba ingekuwa ni miti na nyasi tu, hadithi ingeishia hapo. Haikuishia, kwa sababu wenye wajibu walikuwapo, na nyumba ilijengwa tena.

Kwa kuhitimisha, Eaton Hall haikuuawa na kodi peke yake, wala haikufa kwa sababu mawe yake yalichoka. Ilikufa kwa sababu kazi zake ziliondoka na wajibu ukaondoka pamoja nazo, katika wakati ambao ladha iliidharau na sheria haikuweza kuitetea. Funzo hili halihusu nyumba tu. Tangu mwaka 2005 katiba yetu inakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini maandishi ya katiba ni kama kuta za mawe. Hayatoshi yakikosa watu wenye wajibu. Babu alinirithisha Kiswahili cha kambini, kilichovunjikavunjika na kilichojaa amri. Mama alinirithisha hofu ya lugha hiyo. Sikutaka kubomoa urithi wa yeyote kati yao. Nimeamua kuingia ndani, kuangalia kila chumba, na kukaa humo.